Aksesi pointi ya waya nyumbani: dalili za matatizo, vyanzo vyake na jinsi ya kuyatatua

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba ambaye ruta ya mtoa huduma imefungwa sebuleni, huku vyumba vya nyuma, ghorofa ya juu au nyumba ndogo ya uani havipati waifai ya maana. Ameshauriwa anunue aksesi pointi, yaani kifaa cha kurusha waifai, ambayo kuanzia hapa nitaiandika AP, na kuiletea intaneti kwa waya kutoka kwenye ruta. Ushauri huo ni sahihi. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za saruji na zege lenye nondo. Mji Mkongwe na Lamu kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba chumba cha pili tu kutoka kwenye ruta ni tabu. Ripita isiyo na waya hupokea mawimbi yaliyokwisha kudhoofika kisha huyarusha tena, mara nyingi kwenye chaneli ileile, hivyo kasi inagawanyika. Waya hauhangaishwi na ukuta.

Shida huanza baada ya kufunga. Malalamiko yanayokuja ni yaleyale: haiwaki, inawaka bila intaneti, inakatika, ina kasi ndogo kuliko ruta yenyewe. Wengi wanakuwa wameshaamua kwamba AP ni mbovu na wanataka kuirudisha dukani. Msimamo wangu ni kwamba AP iwe ya mwisho kushukiwa. Anza na waya, fuata umeme, kisha mipangilio ya ruta. Na pale kasoro inapokuwa ya AP kweli, mara nyingi ilikuwa imeandikwa wazi kwenye boksi siku ya kununua, ila hakuna aliyesoma. Ndiyo maana chini ya baadhi ya dalili nimeongeza jambo la kuangalia dukani.

## Kipimo cha kufanya kwanza, dalili yoyote ile

Uwe na vitu vitatu: laptopu yenye poti ya waya au adapta yake ya USB, waya mfupi wa mtandao unaojua ni mzima, na testa ya waya yenye taa nane. Ile ya bei nafuu inatosha.

Lengo ni kuitoa AP katikati. Chomoa waya kwenye AP, uchomeke kwenye laptopu, zima waifai ya laptopu, kisha pima kasi. Intaneti ikija vizuri, ruta iko sawa na waya unapitisha data. Kilichobaki ni AP, mipangilio yake au umeme wake. Isipokuja, hata ukinunua AP ya bei ya juu kuliko zote haitafanya kazi mpaka waya urekebishwe.

Tahadhari kabla hujafanya hivyo. Kama AP yako inapata umeme kupitia waya huohuo wa mtandao, itoe kwanza injekta, yaani kile kisanduku kinachoingiza umeme kwenye waya wa mtandao. Injekta nyingi ndogo za volti 24 husukuma umeme muda wote bila kuuliza kuna nini upande wa pili, na umeme huo unaweza kuua poti ya laptopu. Chomeka ule waya mrefu moja kwa moja kwenye ruta, ndipo upeleke laptopu upande wa pili.

## AP haiwaki kabisa

Anza na injekta iliyochomekwa kinyume, kwa sababu hutokea mara nyingi na kuirekebisha ni bure. Injekta ina poti mbili. Iliyoandikwa PoE, yaani umeme kupitia waya wa mtandao, inakwenda kwa AP. Iliyoandikwa LAN au DATA inakwenda kwenye ruta. Zikibadilishana, AP inabaki giza, na kwa injekta isiyouliza, umeme unaelekea kwenye ruta. Zima soketi, badilisha, washa, kisha subiri dakika mbili au tatu kwa sababu AP nyingi hazijitokezi mara moja.

Kinachofuata ni aina ya umeme kutolingana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Umeme wa kupitia waya wa mtandao uko wa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya viwango: 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwenye chanzo na kuhakikisha wati 12.95 zinafika kwenye kifaa, 802.3at hutoa hadi wati 30 na kufikisha 25.5. Swichi ya mtandao (kifaa cha poti nyingi kinachounganisha waya za mtandao) ya namna hii huuliza kwanza kama kifaa kinakubali umeme, na kisipojibu haitoi kitu. Namna ya pili ni ule wa volti 24 usiouliza. AP ya volti 24 ukiichomeka kwenye swichi ya 802.3af haitawaka, kwa kuwa haijui kujibu. AP ya 802.3af ukiipa injekta ya volti 24 nayo kwa kawaida haitawaka, isipokuwa ziko AP chache zinazokubali namna zote mbili. Hatari iko kwenye mwelekeo wa tatu: injekta ya volti 48 isiyouliza, ikichomekwa kwenye AP ya volti 24, inaweza kuiunguza papo hapo. Usijaribu injekta ya jirani wala ya kamera za ulinzi kabla ya kusoma maandishi yaliyo nyuma yake na yaliyo nyuma ya AP.

Kama umeme unalingana, beba AP mpaka kwenye ruta, tumia injekta ileile na ule waya wako mfupi. Ikiwaka pale, kosa liko kwenye waya mrefu. Hapa kuna jambo ambalo huwachanganya hata mafundi: waya unaweza kupitisha intaneti vizuri kwa laptopu na bado usiweze kuwasha AP. Injekta za volti 24 hupitisha umeme kwenye jozi ya bluu na jozi ya kahawia, wakati intaneti ya Mbps 100 inatumia jozi ya chungwa na ya kijani tu. Fundi aliyebana nyaya nne akaacha nyingine nne, au aliyegawa waya mmoja ili utumike kwa vifaa viwili, amekuachia data bila umeme. Testa ya taa nane itakuonyesha ndani ya sekunde kumi ni zipi hazifiki.

Urefu nao una gharama yake. Waya mrefu hupunguza volti njiani, na waya wa bei rahisi hupunguza zaidi, kwa sababu nitakayoieleza kwenye dalili ya kasi ndogo. AP ikiwaka kisha ikazima kila watu wanapoanza kuitumia, hiyo ni alama ya umeme unaofika kwa uchache. Redio zikichangamka zinahitaji wati zaidi. AP inayodai 802.3at, ikifungwa kwenye swichi ya 802.3af, nayo huweza kujiwasha upya hivyohivyo, au ikafanya kazi kwa nguvu iliyopunguzwa.

Dukani: uliza kama injekta imo ndani ya boksi. AP nyingi za kitaalamu huuzwa bila injekta wala adapta. Na kama unatarajia kuongeza AP nyingine baadaye, chagua za 802.3af au at, uachane na za volti 24, ili swichi moja izihudumie zote.

Simama hapa ukisikia harufu ya plastiki kuungua, ukiona adapta imevimba au soketi inatoa cheche. Zima kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme. Huyo si fundi wa mtandao, na usimruhusu wa mtandao aguse nyaya za volti 230.

## Inawaka, simu inashika waifai, lakini hakuna intaneti

Angalia ruta ya mtoa huduma kwanza. Kama ni ya faiba na taa ya LOS ni nyekundu, tatizo liko nje ya nyumba au kwenye ule uzi wa faiba, na AP haihusiki. Usichomoe uzi huo kuuchungulia. Mwanga unaopita ndani hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Piga simu kwa mtoa huduma.

Ruta ikiwa nzima, chanzo kinachoongoza ni vifaa viwili kugawa anwani za IP, yaani namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao, kwa wakati mmoja. Hutokea zaidi kwa anayetumia ruta ya zamani kama AP. Ruta ya mtoa huduma inagawa anwani, na ile ya zamani nayo inagawa zake, kama ofisi mbili zinazotoa hati za viwanja vilevile. Simu moja inapata anwani ya huku, nyingine ya kule, na leo inafanya kazi ila kesho haifanyi. Ingia kwenye kifaa cha pili, tafuta mpangilio wa kukigeuza kuwa AP. Kama hakina, fanya mambo matatu: zima DHCP yake (huduma inayogawa anwani), kipe anwani yake ya IP isiyogongana na ya ruta kuu, na uchomeke waya kwenye poti ya LAN badala ya WAN.

Kuhusu kugongana: ruta nyingi huja zikiwa na 192.168.1.1 au 192.168.0.1, hivyo ukiunganisha mbili unaweza kukuta zote zinadai anwani ileile. Kama ruta kuu ni 192.168.1.1, ipe AP kitu kama 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha namba hiyo haimo kwenye fungu linalogawiwa na DHCP. Ukiona laptopu au iPhone imejipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake iliomba anwani na hakuna aliyejibu. Rudi kwenye waya.

Kwa nyumba zinazopokea wageni wengi, kuna sababu nyingine isiyoonekana kirahisi: fungu la anwani limekwisha. Kila simu iliyowahi kuingia huendelea kushikilia anwani yake mpaka muda wake uishe. Panua fungu kwenye ruta kuu, au fupisha muda huo uwe saa chache. Na kama uliunda waifai ya wageni yenye namba ya VLAN (ya kutenganisha mitandao ndani ya waya mmoja) huku ruta ya mtoa huduma haijui VLAN, wageni hao hawatapata chochote. Ondoa namba hiyo.

## Kasi ni ndogo kuliko ninayolipia

Hii ndiyo dalili inayosumbua watu wengi zaidi, na inastahili subira.

Pima kwanza kwenye ruta kwa waya mfupi. Kama pale penyewe unapata Mbps 20 na kifurushi chako ni cha 20, hakuna kilichoharibika. AP haiongezi kifurushi. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakishawishiwa kununua AP ya gharama kubwa ilhali wanalipia Mbps 10, na pesa hiyo ingewafaa zaidi kwenye waya mzuri.

Kama kwenye ruta kasi ni kubwa na kwenye AP ni ndogo, tazama namba yenyewe. Ikigota kwenye Mbps 93 hadi 95 kila unapopima, hata uketi chini ya AP, basi umepata jibu: sehemu fulani ya njia imeunganika kwa 100 badala ya 1000, na hizo 94 au zaidi kidogo ndizo hubaki baada ya kuondoa gharama za usafirishaji. Windows itakuonyesha kwenye mipangilio ya mtandao kama laptopu imeunganika kwa 100 au 1000. Sababu zake, kwa mpangilio wa kawaida wa kukutana nazo, ni tatu.

Ya kwanza ni kichwa cha waya wa mtandao (RJ45) kilichobanwa vibaya. Gigabiti, yaani Mbps 1000, inahitaji jozi zote nne; waya mmoja wa jozi ya bluu au ya kahawia ukiwa haugusi, vifaa vingi hushuka kimyakimya hadi 100. Kata kichwa, bana upya pande zote mbili kwa mpangilio mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zingatia kwamba kijani inatenganishwa na bluu katikati. Wanaopanga rangi kwa jozi mojamoja kuanzia kushoto hupata testa inayowasha taa zote nane kwa mfuatano na bado mtandao unasuasua, kwa kuwa nyaya za ishara moja hazijasokotwa pamoja.

Ya pili ni poti ya AP au ya swichi yenyewe kuwa ya 100. Hili halirekebishiki, na linatokea kwa sababu maandishi makubwa ya boksi yanazungumzia redio tu. AC1200 ni jumla ya 300 za masafa ya 2.4 GHz na 867 za 5 GHz. Hakuna simu inayopata zote kwa pamoja. AX1800 ni 574 na 1201. AX3000 ni 574 na 2402, na hizo 2402 zinahitaji chaneli yenye upana wa MHz 160 na simu inayoiweza. Ziko AP za AC1200 zenye poti ya 10/100. Kwa hiyo geuza boksi, tafuta mstari wa poti, na usome kama imeandikwa 10/100 au 10/100/1000. Kwa familia ya kawaida yenye kifurushi cha chini ya Mbps 80, poti ya 100 haitakuumiza leo. Lakini waya na AP hukaa miaka mingi, na vifurushi hupanda. Mimi ningechukua gigabiti.

Ya tatu ni waya wa CCA, yaani aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Umejaa madukani, ni mwepesi, bei yake inavutia, na baadhi ya maboksi huuita Cat6 bila haya. Viwango vya nyaya za mtandao vinataka shaba halisi. CCA ina ukinzani mkubwa zaidi, hivyo ishara na umeme vyote hupungua kwa urefu uleule. Pia hukatika kirahisi unapoukunja na ncha zake huoza haraka kwenye hewa ya chumvi ya pwani. Kwangua ncha kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, ya kupakwa inageuka nyeupe. Kama waya umeshazikwa ukutani na ni mfupi, mita 10 au 15, unaweza kuishi nao. Kama ni wa mita 60 na unabeba umeme wa AP, ubadilishe. Cat5e ya shaba halisi ni bora kuliko hiyo Cat6 ya kupakwa, na inabeba gigabiti mpaka mita 100.

Namba isipogota, bali inapanda na kushuka, tatizo liko hewani. Angalia kama simu iko kwenye 2.4 GHz. Masafa hayo hufika mbali lakini kwenye magorofa ya Kariakoo au mitaa iliyobanana ya Eastleigh kila mtu yumo humo, pamoja na Bluetooth na oveni za maikrowevu. Chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, kwa upana wa MHz 20. Pakua programu ya kuonyesha waifai za jirani, chagua kati ya hizo tatu ile yenye jirani dhaifu zaidi, na usitumie upana wa 40 kwenye 2.4 GHz. Halafu hamishia simu na runinga kwenye 5 GHz.

Mahali AP ilipo nako ni sehemu ya kasi. Juu ya kabati nyuma ya kioo kikubwa, nyuma ya friji, au juu ya dari chini ya bati: sehemu zote hizo zina chuma au kioo kinachorudisha mawimbi. AP za duara za kubandikwa darini zimetengenezwa kurusha kuelekea chini na pembeni. Ukiilaza juu ya meza ikitazama juu, unawahudumia popo.

## Simu inang'ang'ania ruta ya mbali

Unatoka sebuleni hadi chumbani, AP iko juu ya kichwa chako, na simu bado imeshika ruta ya sebuleni kwa mstari mmoja. Elewa kwamba uamuzi wa kuhama ni wa simu, si wa AP. iPhone, kwa mfano, huanza kutafuta pengine pale mawimbi yanaposhuka chini ya dBm -70 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Juu ya hapo inaona haina sababu.

Hakikisha jina la waifai, nywila na aina ya usalama ni vilevile kwenye ruta na AP. Herufi moja kubwa ikitofautiana, kwa simu hiyo ni mitandao miwili. Kisha fanya jambo ambalo watu hulikataa mpaka walione: punguza nguvu ya kurusha. Ruta ikipiga kelele nyumba nzima, simu haitaiacha. Weka 2.4 GHz kwenye nguvu ya chini na 5 GHz ya kati, tembea na simu, urekebishe. Kama AP zako zimeenea vya kutosha, zima kabisa waifai ya ruta ya mtoa huduma uiachie kazi ya intaneti peke yake.

Teknolojia za 802.11k, v na r husaidia simu kuhama kwa haraka, lakini kifaa cha zamani huweza kukataa kuunganika ukiwasha r. Washa k na v kwanza.

Ukinunua AP mbili au zaidi, nunua za kampuni moja na familia moja inayosimamiwa kutoka sehemu moja.

## Inakatika mara kwa mara

Andika saa inapokatika kwa siku chache. Hiyo karatasi itakuokolea pesa.

Kama inakatika pampu ya maji au kiyoyozi kinapoanza, volti inashuka na adapta inajizima. Dawa ni UPS ndogo, yaani betri ya akiba, na hapa PoE inakuwa na faida kubwa katika nchi zetu za umeme wa kukatika: ruta, swichi na AP zote zinalishwa kutoka sehemu moja, kwa hiyo UPS moja sebuleni inaweka waifai hai nyumba nzima.

Kama inakatika mchana wa jua kali na kurudi jioni, gusa AP. Nyingi za ndani zimeandikwa mwisho wa joto ni nyuzi 40, na nafasi kati ya dari na bati hupita hapo bila shida. Ishushe chini ya dari.

Kama ni 5 GHz pekee inayopotea kwa dakika moja hivi kisha inarudi, angalia chaneli. Kuanzia 52 hadi 144, AP inatakiwa kusikiliza rada kwa angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, na ikisikia inahama. Walio karibu na viwanja vya ndege au bandari hukutana nayo zaidi. Rudi kwenye 36 hadi 48. Upana wa 160 hauenei ndani ya chaneli hizo nne, kwa hiyo chagua 80. Utapoteza namba kubwa ya boksi na kupata utulivu.

Mtandao wote ukifa ghafla, waya na waifai pamoja, na taa zote za swichi zikapepesa kwa kasi moja, tafuta mzunguko: waya ambao pande zote mbili zimerudi kwenye swichi ileile, au AP mbili zilizounganika kwa waya na hewa kwa wakati mmoja. Chomoa waya mmojammoja mpaka taa zitulie.

Kukatika kusiko na saa maalumu ni waya: kichwa kinacholegea, panya darini, au maji yaliyoingia kwenye waya wa nje.

## Printa au runinga haionekani kwenye simu

Karibu kila mara kifaa cha pili bado ni ruta kamili, hivyo printa iko mtandao mmoja na simu mwingine. Kigeuze kuwa AP kama nilivyoeleza hapo juu. Ikiwa tayari ni AP, angalia kama simu imeingia kwenye waifai ya wageni, au kama kuna mpangilio unaotenganisha vifaa visionane.

Runinga au kamera ya zamani isipoiona waifai kabisa, au ikiiona na kukataa nywila sahihi, badilisha usalama kutoka WPA3 peke yake hadi WPA2 na WPA3 kwa pamoja, na uache 2.4 GHz ikiwa hai.

## Waya kwenda nyumba ya uani

Waya wa ndani, wa ganda la kijivu au jeupe, hupasuka juani. Tumia wa nje wenye ganda jeusi, upite kwenye bomba lake mwenyewe. Usiupitishe kamwe kwenye bomba la nyaya za umeme, hata kama nafasi ipo: ganda la umeme likichubuka, volti 230 zinatembea hadi kwenye laptopu ya mtoto wako.

Hatari kubwa zaidi ni radi. Shaba inayounganisha majengo mawili hubeba tofauti ya volti kati ya ardhi zake, na radi ikipiga karibu, si lazima ipige nyumba yako, swichi na AP za pande zote hufa pamoja. Ukanda wa Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Bukoba hadi Kisumu na Kampala, ni miongoni mwa sehemu za Afrika zenye radi nyingi. Kwa umbali kati ya majengo mimi napendekeza faiba yenye vigeuzi (vya kubadilisha mwanga wa faiba kuwa ishara ya waya wa mtandao) pande zote mbili. Haipitishi umeme, na bei ya vigeuzi ni ndogo kuliko ya kununua vifaa vyote upya. Baada ya radi, usichomeke AP mpya kwenye poti ileile ya ruta kabla ya kuijaribu kwa waya mfupi.

Mwite mtaalamu, usijaribu mwenyewe, kama waya unapaswa kupita karibu na nyaya za umeme za juu ya paa au nguzo, kama kazi inahitaji kupanda paa lililolowa, kama nyumba haina ardhi ya umeme inayoeleweka, kama ukigusa kichwa cha waya unapigwa shoti, au kama uzi wa faiba umekatika.

Akija, mpe matokeo yako: kasi kwenye ruta, kasi mwisho wa waya, taa za testa, na ile karatasi ya saa. Mtake apime nyaya zote nane mbele yako na aandike lebo pande zote mbili. Kabla hajaondoka, akukabidhi nywila ya kuingilia kwenye AP na akaunti ya programu inayozisimamia, iliyofunguliwa kwa barua pepe yako. Ikibaki kwenye simu yake, siku akibadilisha namba utalazimika kupanda ngazi, kubonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kwenye kila AP, na kuanza usanidi upya.